Kabla ya kupelekwa Dubai, mchele wa Maniema upatiwe njia ya kutoka Kindu

Jimbo la Maniema lina mchele. Hilo halibishiwi na mtu yeyote aliyewahi kupita Kasongo, Kibombo au Kailo wakati wa mavuno. Ndiyo maana kila yanapotajwa maonyesho makubwa ya chakula duniani, iwe SIAL ya Paris, Anuga ya Cologne au Gulfood ya Dubai, hatakosa mtu Kindu wa kuuliza: na sisi tutakwenda lini? Swali hilo ni la haki. Kosa liko kwenye jibu linalotolewa mara nyingi, kwamba zitafutwe tiketi za ndege, ikodiwe meza, ipelekwe mifuko michache ya mchele na karanga pamoja na chupa za mafuta ya mawese, kisha wanunuzi watakuja wenyewe.

Hawaji hivyo. Mnunuzi anaposimama mbele ya meza, huchota mchele kiganjani na kuuangalia kwenye mwanga. Habari za ladha hazimshughulishi sana, maana hatapika pale. Anatafuta chenga, mawe na punje zenye rangi tofauti. Katika biashara ya dunia mchele huuzwa kwa kiwango cha chenga, asilimia 5 au asilimia 25, na kila kiwango kina bei yake. Akiridhika, anauliza mambo manne: unyevu ni kiasi gani, kuna tani ngapi, zitafika bandari gani, na tarehe gani. Mtu aliyetoka Kindu na kilo 10 za mchele mzuri, uliopepetwa na kuchambuliwa punje kwa punje, hana jibu hata kwa swali moja. Mnunuzi anaacha kadi yake, anaaga kwa heshima, anakwenda kwenye meza ya Wapakistani au ya Wavietnamu, ambao majibu wanayo kabla hajafungua kinywa.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Kontena ya futi 20 inabeba takriban tani 25 za mchele, yaani mifuko 500 ya kilo 50. Kwa mfanyabiashara wa Dubai hicho ni kionjo tu. Kwa Maniema, tani 25 za mchele zinataka karibu tani 40 za mpunga, kwa kuwa kilo 100 za mpunga zikikobolewa vizuri hutoa kilo 60 na kidogo. Shamba la nchi kavu lisilotiwa mbolea mara nyingi halizidi tani moja kwa hekta. Familia inayolima nusu hekta, basi, itavuna nusu tani. Kontena moja ni mavuno yote ya familia 80, bila kubakiza hata kikombe cha kupika wala mbegu ya msimu ujao. Kila familia ikiuza nusu na kubaki na nusu, zinahitajika familia 160.

Na mpunga wa familia 160 si mpunga mmoja. Huyu amepanda mbegu ya babu yake, yule amepewa mbegu na shirika. Huyu ameanika kwenye mkeka, yule kando ya barabara ambako pikipiki zinapita. Mwingine amekoboa ukiwa bado na maji, punje zikavunjika, na nusu ya mfuko ikawa chenga. Hapo ndipo biashara ya Maniema inapokwama: mfuko wa pili haufanani na ule wa kwanza. Mnunuzi wa mbali halipii mfuko aliouona Dubai. Analipia mifuko 500 ambayo hajaiona, akiamini kwamba yote iko kama ule mmoja.

Ajabu ni kwamba jimbo hili si geni katika mambo ya mchele. Mpunga ulifika Nyangwe na Kasongo karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, zama za Tippu Tip, na tangu hapo wali haujawahi kuwa chakula cha wageni Maniema. Wabelgiji walipokuja waliufanya kilimo cha lazima, sawa na pamba. Wazee bado wanasimulia adhabu za wakati ule. Mchele wa lazima ulikusanywa, ukawekwa kwenye maghala, ukapakiwa. Hakuna anayetamani kurudi huko. Lakini inafaa kukumbuka kwamba treni na ghala vilitangulia, ndipo mchele ukasafiri.

Maonyesho nayo si mapya kwa Wakongo. Mwaka 1897, Mfalme Léopold wa Pili alifanya maonyesho ya Kongo huko Tervuren, karibu na Brussels. Bidhaa za nchi zilipangwa ndani ya jumba, na nje, kwenye bustani, waliwekwa Wakongo 267 ili Wabelgiji wawatazame. Saba kati yao walikufa na wamezikwa huko huko. Bidhaa zilikuwa za Kongo, watu walikuwa wa Kongo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa muuzaji. Siku hizi hakuna anayewekwa kwenye uzio, ahsante Mungu. Ila pale ambapo banda la nchi linasimamiwa na maafisa wenye suti ambao hawajawahi kushika jembe wala kuendesha mashine ya kukoboa, mkulima wa Kibombo bado yuko nje ya jumba.

Tuseme hata hivyo kwamba mnunuzi amekubali. Mzigo utapita wapi? Mchele wa Kasongo unakuja kwa barabara upande wa kulia wa mto, sehemu kubwa ukisukumwa kwenye baiskeli na vijana wanaotembea siku kadhaa, mvua ikinyesha wanalala nao njiani. Unashuka Alunguli. Kindu haina daraja; kituo cha treni kiko ng'ambo ya pili, kwa hiyo mifuko inavushwa Lualaba kwa mitumbwi. Kutoka hapo kuna njia mbili za kwenda baharini. Ya kwanza ni kushuka na mto hadi Ubundu, kupanda reli ya kilomita 125 mpaka Kisangani kwa sababu ya maporomoko, kuingia tena majini zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kinshasa, kisha kilomita 366 za reli au barabara hadi Matadi. Ya pili ni treni ya kusini mpaka Kabalo, kukata mashariki hadi Kalemie, kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na reli ya Tanzania mpaka Dar es Salaam. Reli ya Kabalo hadi Kalemie ilifika ziwani mwaka 1915. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mtu wa Kindu anayengoja treni hawezi kuambiwa siku, anaambiwa "itakuja".

Kila mara mzigo unapopakuliwa na kupakiwa tena, mfuko unachanika, unalowa, unapungua. Na kila kizuizi barabarani kina mtu anayedai chake, mara nyingi bila risiti. Muuza mchele wa Vietnam hana gharama hizo. Ndiyo sababu mchele kutoka Asia unaweza kuvuka bahari nzima, ukapandishwa ndani ya nchi, na bado ukauzwa katika miji ya Kongo mbele ya mchele uliolimwa hapa hapa. Kabla ya kwenda kuwania meza ya Waasia huko Dubai, kuna meza ya Kisangani, ya Lubumbashi na ya Kinshasa ambayo Maniema imeiacha mikononi mwao.

Vita vimezidisha ugumu huo. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Miji hiyo miwili ilikuwa mlango wa Maniema: bidhaa za dukani zilitoka huko, mchele na mafuta ya mawese vilipata wanunuzi huko. Mlango umefungwa na watu wamekuja badala ya bidhaa. Familia zilizokimbia Kivu mbili, pamoja na zile zilizohama vijiji vya Kabambare hapa hapa jimboni, zinaishi kwa jamaa na kwa wenyeji ambao nao hawana kingi. Mtu anayelala na wengine saba katika chumba kimoja, huku mtoto akilia njaa, ana haki ya kushangaa akisikia redioni habari za kuuza chakula nje. Anauliza: chakula gani hicho cha kuuza, na sisi tunakitafuta?

Anayeandika mpango wowote wa kuuza nje, na asijibu swali hilo kwanza, auweke mpango wake kabatini. India, nchi inayouza mchele mwingi kuliko zote duniani, ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe wa kawaida Julai 2023 ili kulinda bei ndani, na haikufungua tena mpaka Septemba 2024. Ikiwa taifa lenye maghala na treni za kila siku lilitazama kwanza sufuria za watu wake, Maniema haina sababu ya kuona aibu kufanya hivyo.

Lakini kufunga mchele ndani bila kufanya lolote hakushibishi mtu. Mkulima asiye na ghala anauza wiki ile ile anayovuna, wakati kila jirani naye anauza, na bei ni ya kutupa. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe ananunua mchele kwa bei ya juu, kwenye foleni moja na mkimbizi. Unyevu ukizidi asilimia 14, mpunga ghalani unaota ukungu. Panya na wadudu wanamaliza uliobaki. Kukausha vizuri, kukoboa vizuri na kuhifadhi vizuri ni kazi moja, iwe mfuko unakwenda Dubai au unakwenda kwa familia iliyofika jana kutoka Kalehe.

Na anayetoka Kalehe au Minova huenda akawafundisha wenyeji wake jambo, maana Kivu ilipitia njia hii kwa kahawa. Kwa miaka mingi kahawa ya pwani ya Ziwa Kivu ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa bei ya chini na bila jina, na wanaume wengi walizama wakivusha magunia. Mwaka 2003 wakulima wa Minova walianzisha ushirika wao, SOPACDI. Hawakuanzia kwenye maonyesho. Walianzia kwenye vituo vya kuosha kahawa, kwenye meza za kuanika, kwenye kuchagua buni mbivu na kukataa mbichi hata kama ni ya mjomba. Wanunuzi wa Ulaya walipofika walikuta kahawa inayofanana mfuko hadi mfuko, na jina la mahali ilikotoka likaandikwa kwenye pakiti. Baadaye yakaja mashindano ya Saveur du Kivu, ambamo waonjaji na wanunuzi kutoka nje waliitwa waje Kivu wenyewe, waonje kahawa za vyama mbalimbali na kuzipa alama. Badala ya mkulima kutafuta viza, mnunuzi ndiye aliyefunga safari.

Kahawa ni ghali na nyepesi, mchele ni rahisi na mzito. Hiyo ni kweli, na mtu asidhani kwamba mchele wa Kasongo utauzwa London kama kahawa ya Minova. Tofauti hiyo inaonyesha tu kwamba mnunuzi wa kwanza wa mchele wa Maniema hawezi kuwa wa mbali sana. Mmoja yuko karibu na anajulikana: wale wanaolisha familia zilizokimbia. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, linanunua nafaka kwa viwango vilivyoandikwa, vya unyevu, chenga, uchafu na uzito wa mfuko, karibu maswali yale yale ya mtu wa Dubai. Na jambo hilo limekwisha kujaribiwa kwenye reli hii hii. Kabalo ilikuwa mojawapo ya sehemu mbili za Kongo katika mpango wa PAM wa kununua kwa wakulima wadogo, ulioanza mwaka 2008: wakulima walikusanywa katika vyama, maghala yakajengwa, barabara za vijijini zikatengenezwa, ndipo nafaka ikanunuliwa.

Misaada imepungua sana tangu 2025, na mara nyingi familia hupewa fedha badala ya chakula. Hoja haibadiliki. Kila dola ya msaada inayonunua mchele wa kigeni katika jimbo linalolima mchele imepita mbele ya mlango wa mkulima bila kubisha. Serikali ya jimbo, badala ya kuomba nafasi kwenye banda la nchi huko ng'ambo, ingeanza kwa kuomba mkataba huo: mifuko 500 ya mchele wa Maniema, kwa kiwango cha PAM, ikabidhiwe Kindu kwa tarehe iliyopangwa. Chama cha wakulima kitakachoweza hilo mara tatu mfululizo kitakuwa na karatasi ya kuonyesha popote. Kikishindwa, kitakuwa kimeshindwa nyumbani, ambako kosa linasahihishwa kwa gharama ndogo.

Karanga zina somo lake. Karanga zilizoanikwa chini kwenye udongo wenye maji huingia sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa kukaanga. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 4 za sumu hiyo kwa kilo ya karanga za kuliwa. Mzigo ukizidi hapo unazuiwa bandarini, na hasara ni ya aliyeutuma. Turubai la kuanikia ni bei ndogo kuliko usiku mmoja wa hoteli huko Paris, na linamlinda pia mtoto wa Kindu anayekula karanga hizo hizo ndani ya uji. Kuhusu mafuta ya mawese, Ulaya ilitunga sheria mwaka 2023 inayotaka mafuta hayo, pamoja na kahawa na kakao, yaonyeshe shamba yalikotoka, ili ijulikane kwamba msitu haukukatwa. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kupima mashamba haifanywi kwa wiki moja, na nani ameianza Maniema?

Wanaotetea maonyesho wana hoja moja ya kweli: asiyeonekana hajulikani. Kahawa ya Kivu nayo ilifika kwenye meza za nje, na ilifaidika. Basi iwe hivyo, kwa mpangilio. FIKIN, maonyesho ya kimataifa ya Kinshasa, yako ndani ya nchi na hayahitaji viza. Sabasaba ya Dar es Salaam hufanyika kila mwaka kuanzia mwisho wa Juni, na Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022; mtu wa Kindu akisimama pale anaongea lugha yake mwenyewe na wanunuzi, bila mkalimani, na anasimama mwisho wa njia ambayo mchele wake ungepita. Huko Paris au Cologne, mita moja tu ya mraba hugharimu mamia ya euro, na banda dogo la kawaida ni mita tisa. Hapo bado tiketi, bado safari ya Kinshasa kuomba viza ambayo huenda ikakataliwa.

Na anayekwenda awe nani? Aende mwenye mashine, aende mama anayejua mchele kwa kuusikia ukilia kwenye ungo, aende karani wa chama mwenye daftari la tani. Afisa mmoja anatosha, wa kusaidia karatasi za OCC na za forodha. Wakirudi, wasimame redioni waseme waliulizwa nini na walijibu nini, na fedha za jimbo zilizotumika zisomwe kwa faranga, hewani, kama yanavyosomwa matangazo ya vifo.

Mavuno yajayo hayako mbali, na orodha ya vitu vinavyokosekana ni fupi kuliko orodha ya ujumbe wowote wa kwenda ng'ambo: maturubai, vipima unyevu vichache, mizani isiyodanganya, ghala moja kavu Alunguli na jingine karibu na kituo cha treni. Miongoni mwa waliokimbilia Kindu wamo waliowahi kupanga kahawa kwenye meza za kuanika na kuandika uzito wa kila mfuko. Wanaomba kibarua kila asubuhi, na maghala hayo yatahitaji watu wanaojua kazi hiyo.